Gari la Kikundi: Tujue Giaboksi Yake Kabla ya Kutoa Pesa



Vikundi vingi tunavyovitembelea siku hizi vinazungumza juu ya kununua gari dogo lililotumika. Wengine wanataka kupeleka maziwa na mboga sokoni. Wengine wanataka gari la kukodisha ili pesa za wanachama zizunguke. Ni wazo zuri, na tunawapa moyo. Lakini kuna swali moja ambalo husahaulika siku ya kununua, na baadaye huleta kilio: gari hili lina giaboksi ya aina gani?

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anaweka shilingi 1,000 kila mwezi. Kwa mwezi ni 20,000. Kwa mwaka ni 240,000. Kwa miaka mitatu ni 720,000. Hilo ni jasho la miaka mitatu, na linaweza kuharibiwa na lita nne za oili isiyo yake. Ndiyo maana tumeandaa somo hili.

LENGO LA SOMO: Kila mwanachama, hata asiyejua kuendesha, aweze kutambua aina ya giaboksi ya gari dogo na kutaja oili inayotakiwa.

MUDA: Saa moja na nusu.

VIFAA: Gari moja au mawili ya majirani (mkipata yenye giaboksi tofauti ni bora zaidi), tochi, kitambaa safi, daftari na kalamu.

SEHEMU YA KWANZA: IGIZO FUPI

Chagueni watu watatu waigize: Mwenyekiti, Mweka Hazina na Dalali.

DALALI: Karibu mzee, karibu mama. Gari ndilo hili. Safi kabisa, kama jipya.

MWENYEKITI: Asante kijana. Hili ni la gia gani?

DALALI: Otomatiki, mzee. Hakuna kusumbuka na klachi. Unaweka D, unakanyaga mafuta, basi.

MWEKA HAZINA: Otomatiki ya aina gani, kijana wangu?

DALALI (anacheka): Mama, otomatiki ni otomatiki! Zote ni moja.

MWEKA HAZINA: Na oili yake ya giaboksi inaitwaje?

DALALI: Oili ni oili, mama. Fundi yeyote atakuwekea.

MWENYEKITI: Mama, usimchokeshe kijana. Kuna watu wengine wanaitaka gari hii. Toa pesa tumalize.

(Mweka Hazina anashika mkoba wake. Igizo linaishia hapo.)

Maswali baada ya igizo:
1. Mmeona nini katika igizo hili?
2. Kwa nini Mwenyekiti alikuwa na haraka?
3. Mambo kama haya hutokea kwetu? Hutokea wapi?
4. Mngekuwa Mweka Hazina, mngefanya nini?

Kiongozi wa somo awaache watu wazungumze kwanza. Asitoe majibu mapema.

SEHEMU YA PILI: AINA ZA GIABOKSI

Injini huzunguka mbio sana. Kazi ya giaboksi ni kupunguza mbio hizo na kuzigeuza kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Unapoanza kutembea au kupanda mlima unahitaji nguvu nyingi na mwendo mdogo. Kwenye tambarare unahitaji mwendo, nguvu kidogo. Kazi hiyo moja hufanywa kwa njia mbalimbali.

(a) Manyuali. Dereva mwenyewe hubadilisha gia kwa mkono, akikanyaga klachi. Hii tunaijua sote.

(b) Otomatiki ya kawaida. Ina gia kama manyuali, lakini hubadilishwa kwa nguvu ya oili iliyo ndani. Magari madogo ya zamani mara nyingi yana gia nne. Mengine ya karibuni yana sita, kama Mazda Demio ya umbo lililotoka mwaka 2014.

(c) CVT. Hii ndiyo inayochanganya watu wengi. Mmeona mashine ya kusaga mahindi? Kuna mkanda unaozungushwa na puli mbili, moja kwenye mota na nyingine kwenye kinu. Ukibadilisha ukubwa wa puli, mwendo wa kinu hubadilika. Basi CVT ni hivyo hivyo: puli mbili na mkanda wa chuma. Tofauti ni kwamba puli hizo hujipanua na kujibana zenyewe gari likiwa linatembea. Hakuna gia ya kwanza, ya pili wala ya tatu. Mwendo hubadilika polepole bila kuruka.

(d) Giaboksi ya klachi mbili. Haina pedali ya klachi, lakini ndani yake ina klachi mbili zinazopokezana kazi. Honda Fit Haibridi iliyotengenezwa kuanzia 2013 hadi 2020 ina aina hii, yenye gia saba. Kati ya 2013 na 2014 watengenezaji waliyaita magari hayo mara kadhaa yarudi kurekebishwa. Anayetaka kununua moja aulize kama marekebisho hayo yalifanywa.

(e) Manyuali inayojibadilisha. Ni giaboksi ya manyuali iliyowekewa mitambo ya kukanyaga klachi na kubadilisha gia badala ya dereva. Suzuki Alto nyingine za kuanzia 2014 zinayo.

(f) Giaboksi ya haibridi za Toyota kama Prius na Aqua. Katika karatasi mara nyingi huandikwa CVT, lakini ndani haina mkanda. Ina mota za umeme na gia za meno, na hutumia oili ya otomatiki. Mnaona? Hata jina lililoandikwa kwenye karatasi linaweza kuwapotosha.

Jambo lingine la kuangalia: jina la gari halitoshi. Chukueni Toyota Probox, gari linalofanya kazi nyingi huku kwetu. Probox za kwanza, kuanzia 2002, zilikuwa na otomatiki ya gia nne au manyuali ya gia tano. Mwaka 2014 gari hilo lilibadilishwa, na tangu hapo yale ya petroli yakawa ya CVT. Mwaka 2018 ikaongezwa haibridi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Probox ya petroli inayotoka bandarini leo ni ya CVT, na ile ya jirani aliyoinunua zamani ni ya gia nne. Yote mawili ni Probox, na yote mawili watu huita otomatiki. Oili zake ni tofauti kabisa.

Vivyo hivyo Honda Fit ya kati ya 2007 na 2013. Inayovutwa na magurudumu mawili ina CVT, lakini ile ya magurudumu manne ina otomatiki ya gia tano.

SEHEMU YA TATU: MASHAHIDI WATANO

Mzee wa kijiji hakati shauri kwa kusikiliza mtu mmoja tu. Nasi tusikate shauri la gari kwa neno la muuzaji peke yake. Tuite mashahidi watano.

Shahidi wa kwanza: pedali

Fungueni mlango wa dereva mwangalie chini. Pedali tatu, moja ikiwa ya klachi, ni manyuali. Pedali mbili ni aina nyingine yoyote kati ya zile tano zilizobaki. Shahidi huyu ni mwaminifu, lakini anajua kidogo tu.

Shahidi wa pili: mkono wa gia

Someni herufi na namba zilizoandikwa pale.

- Namba 1 hadi 5 pamoja na R: manyuali.
- P, R, N, D, kisha 3, 2 na L, au 2 na L, hasa kama pembeni kuna kitufe cha O/D: otomatiki ya kawaida ya zamani.
- P, R, N, D, kisha S, B au L bila namba: mara nyingi CVT.
- R, N, D na M bila P: manyuali inayojibadilisha, kama ile ya Suzuki.
- Mkono mfupi wenye R, N, D na B, na P ikiwa kitufe cha kubonyeza: haibridi kama Prius.

Angalieni: CVT nyingine zimewekewa alama za kujumlisha na kutoa, ili dereva ajisikie kama anabadilisha gia. Kwa hiyo shahidi huyu anatoa dokezo tu, sio ushahidi kamili.

Shahidi wa tatu: kibati cha kiwanda

Hapa ndipo penye ukweli mwingi. Fungueni boneti mtazame ukuta ulio nyuma ya injini, au fungueni milango ya mbele mtazame nguzo zake. Mtaona kibati au karatasi ngumu yenye maandishi madogo. Pangusani vumbi kwa kitambaa, mulikeni kwa tochi, na mwenye simu apige picha.

Kwenye Toyota tafuteni mstari wenye neno TRANS. Mbele yake kuna herufi na namba. Katika magari haya madogo, ikianza na K, kama K310 au K410, ni CVT. Ikianza na U, kama U340E, ni otomatiki ya kawaida. Zile za zamani zaidi huanza na A. Ikianza na C, kama C50, ni manyuali. Ikianza na P, kama P510, ni haibridi.

Kwenye Nissan ndogo someni herufi nne za mwanzo. RE4F ni otomatiki ya gia nne. RE0F, yaani yenye sifuri mahali pa nne, ni CVT. RS5F ni manyuali ya gia tano.

Andikeni pia namba ya chesisi. Kwa Probox, namba inayoanza na NCP50, NCP51 au NCP55 ni ya umbo la kwanza. Inayoanza na NSP160, NCP160 au NCP165 ni ya umbo la pili, lenye CVT. Inayoanza na NHP160 ni haibridi. Muuza spea mzuri akipewa namba ya chesisi atawaambia giaboksi iliyowekwa kiwandani.

Lakini kibati kinasema gari lilivyozaliwa, sio lilivyo leo. Mafundi wetu wanaweza kutoa giaboksi iliyokufa na kuweka nyingine, hata kuweka manyuali mahali pa otomatiki. Kibati kikisema K310 na chini kuna pedali tatu, mwulizeni muuzaji: giaboksi ilibadilishwa lini, na nani, na risiti iko wapi? Msitegemee logibuku kwa jambo hili. Na tangazo likiandika AT, herufi hizo hutumiwa kwa otomatiki ya kawaida na kwa CVT pia.

Shahidi wa nne: oili

Magari mengine yana kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, mbali na kile cha injini. Injini ikiwa moto muwe waangalifu, kuna sehemu zinazochoma. Kwenye mpini wa kijiti huandikwa jina la oili:

- Toyota: T-IV au WS ni ya otomatiki. TC au FE yenye neno CVT ni ya CVT.
- Nissan: Matic ni ya otomatiki. NS-2 au NS-3 ni ya CVT.
- Honda: Z1 au DW-1 ni ya otomatiki. HMMF au HCF-2 ni ya CVT.

Magari mengi ya karibuni hayana kijiti. Hapo tafuteni kitabu cha gari, au mwulizeni muuza spea kwa namba ya chesisi. Msihukumu kwa rangi ya oili. Rangi hudanganya.

Shahidi wa tano: safari

Endesheni gari kwa dakika ishirini hivi, na mpande mlima. Mmoja aendeshe, mwingine atazame mshale wa mizunguko ya injini.

Kwenye otomatiki ya kawaida mshale hupanda, halafu hushuka ghafla kila gia inapobadilika. Utasikia mguso mdogo mgongoni: moja, mbili, tatu. Kwenye CVT mshale hupanda na kutulia mahali pamoja huku mwendo ukiendelea kuongezeka. Sauti yake ni ile ile moja ndefu, kama mashine ya posho iliyoshika kazi. Kwenye manyuali inayojibadilisha utasikia gari likisita kidogo kila gia inapoingia, kana kwamba dereva ameinua mguu.

Kwa safari hiyo hiyo sikilizeni ugonjwa. Gari likikaa sekunde kadhaa kabla ya kuitikia mkiweka D au R, likitetemeka linapoanza kutembea, likilia mluzi unaoongezeka na mwendo, au oili ikinuka kuungua, simameni hapo. Msilipe mpaka fundi wenu, sio wa muuzaji, aliangalie.

KANUNI YETU: Mashahidi watatu wakikubaliana, na mmoja wao akiwa ni kibati au oili, mnaweza kuandika jibu. Wakipingana, pesa zibaki benki.

SEHEMU YA NNE: KWA NINI TUJISUMBUE HIVI?

Oili. Katika CVT mkanda wa chuma na puli hushikana kwa msaada wa oili yake maalum. Mkiweka oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unaweza kuteleza. Ukiteleza unakwaruza puli, na vipande vya chuma vinazunguka ndani. Gari litatembea siku chache, pengine wiki chache, kisha litakataa. Yule fundi aliyesema oili ni oili hatakuwapo siku hiyo.

Kusukuma. Betri ikifa, gari la manyuali laweza kusukumwa na vijana likawaka. La otomatiki au CVT halitawaka kwa kusukumwa. Kikundi kilicho mbali na barabara kuu kiwe na waya za kuazima moto kwa betri nyingine.

Kuvutwa. Gari likizimika, wengi wetu hutafuta kamba. Kwa manyuali, kamba yafaa likiwa kwenye gia huru. Kwa otomatiki na CVT ni hatari. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya kupeleka oili ndani ya giaboksi haifanyi kazi, na vyuma huzunguka vikavu. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele liinuliwe mbele. La magurudumu manne libebwe lote juu ya lori.

Mzigo na milima. Giaboksi ya CVT kwenye gari dogo haipendi joto. Kupanda mlima mrefu na magunia mengi, au kukanyaga mafuta kwa nguvu magurudumu yakiwa yamekwama matopeni, huipasha moto kupita kiasi. Hatusemi CVT ni mbaya. Huokoa petroli, na ikitunzwa inadumu. Tunasema kikundi kipime kazi yake. Kama kazi ni kubeba viazi kutoka mlimani kila siku, manyuali au otomatiki ya kawaida inaweza kuwafaa zaidi. Kama ni kupeleka mayai mjini kwenye lami, CVT yatosha.

SEHEMU YA TANO: TURUDI KWENYE IGIZO

Igizeni tena, lakini sasa Mweka Hazina awe na tochi na daftari. Mwenyekiti naye akumbuke kwamba maswali ya Mweka Hazina sio utovu wa adabu. Ni kazi aliyochaguliwa kufanya. Dalali mwaminifu hatachukia kuulizwa. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Kisha jadilianeni:
1. Katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kusema "ngoja kwanza" siku ya kununua?
2. Je, kina mama na vijana husikilizwa katika mambo ya mashine? Kama hapana, tunapoteza nini?
3. Gari letu litafanya kazi gani hasa, na kwenye barabara gani?
4. Nani atakuwa mlinzi wa oili, yaani atakayesimama karibu na fundi na kusoma jina kwenye mkebe kabla haujafunguliwa?

KAZI YA MWEZI HUU

Wanachama wagawanyike watatu watatu. Kila kundi liombe ruhusa kwa mwenye gari kijijini, liite mashahidi watano, na lijaze daftari hivi: jina la gari, mwaka, namba ya chesisi, pedali ngapi, herufi za mkono wa gia, maandishi ya kibati, jina la oili, na jibu. Mkutano ujao mlinganishe. Huenda mkamsaidia jirani ambaye kwa miaka hakujua gari lake linakunywa oili gani.

Kikundi ambacho tayari kina gari kiandike jina la oili ya giaboksi kwenye karatasi ngumu, kiifunike kwa plastiki, na kuifunga ndani ya boneti. Jina hilo hilo liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Madereva hubadilika na mafundi hubadilika, lakini maandishi hubaki.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- "Otomatiki" ni mwanzo wa swali, sio jibu.
- Jina la gari halitoshi. Mwaka na namba ya chesisi vinahitajika.
- Mashahidi watatu, mmoja wao kibati au oili.
- Oili ya CVT kwa CVT, ya otomatiki kwa otomatiki. Msichanganye hata kidogo.
- Haraka ya muuzaji isiwe haraka ya kikundi.

Haraka haraka haina baraka. Dakika kumi za kusoma kibati ni kidogo sana mbele ya miaka mitatu ya kuweka akiba. Tunawatakia kazi njema.